Nguruwe Mzima kwa Macho: Bakteria Wanaotoka Bandani Hadi Nyumbani

Mfugaji wa Tezo akiamka asubuhi na kukuta nguruwe wake wamesusa chakula, jambo la kwanza linalomjia akilini ni homa ya nguruwe ya Afrika. Hofu hiyo ina msingi. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza humu humu Kenya mwaka wa 1921, hauna tiba, na unaweza kumaliza banda zima kwa muda mfupi. Hata hivyo, pamoja na hasara yote inayoleta, homa hiyo husababishwa na virusi visivyomwambukiza binadamu. Huingia bandani na kuishia bandani.

Magonjwa yanayotoka kwa mnyama na kumpata mtu ni mengine. Mengi yake husababishwa na bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na mara nyingi nguruwe anayewabeba haonyeshi dalili yoyote. Anakula, ananenepa, anazaa, na siku ya kuuzwa analeta bei nzuri. Anayeugua ni yule aliyemhudumia, aliyemchinja au aliyeipika nyama yake haraka haraka. Pengine ni mtoto wa jirani aliyekunywa maji ya kisima kilicho chini ya mteremko wa banda.

Makala haya yanaeleza bakteria hao ni wapi, hupita njia gani, na mfugaji, mchinjaji, mpishi na jirani wafanye nini. Hatua nyingi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji sabuni, viatu vya banda, moto wa kutosha jikoni, na kusema ukweli mtu anapofika zahanati.

Kwa nini jambo hili linamhusu kila mkazi

Tezo ni mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Kilifi Kaskazini, kando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa kuelekea Malindi. Familia nyingi huko hutegemea mahindi, mihogo, minazi na mikorosho, pamoja na kuku, mbuzi na ng'ombe. Baadhi hufuga nguruwe. Mnyama huyu humvutia mfugaji mdogo kwa sababu hahitaji malisho mapana na huzaa kwa wingi. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na anaweza kuzaa watoto wanane au zaidi kwa mkupuo mmoja. Hula pumba za mahindi, machicha ya nazi na makombo ya mikahawani. Kwa familia yenye karo ya kulipa, nguruwe wawili au watatu ni akiba inayotembea.

Katika vijiji hivyo hivyo wanaishi majirani ambao kwa sababu ya dini yao hawafugi nguruwe, hawali nyama yake, wala hawamgusi. Ni rahisi kwao kuona kwamba habari hii haiwahusu. Lakini maji ya mvua hayajui mpaka wa boma. Panya aliyekula pumba katika banda la huyu hulala kwenye ghala la yule. Nzi nao hutoka kwenye kinyesi na kutua kwenye sahani yoyote iliyo wazi.

Vilevile si haki kumlaumu mfugaji wa nguruwe peke yake. Bakteria wengi watakaotajwa hapa hupatikana pia kwa wanyama wengine. Salmonela hubebwa sana na kuku. Mbuzi na ng'ombe hueneza bruselosi. Bakteria wa homa ya mgunda hutoka katika mkojo wa panya na wa ng'ombe pia. Kwa hiyo anayejifunza kujikinga na bakteria wa nguruwe anakuwa amejikinga na mengi ya mifugo mingine.

Mwaka wa 2015, wataalamu wa afya ya binadamu na wa mifugo nchini Kenya waliorodhesha magonjwa matano ya wanyama yanayoambukiza watu ambayo yapewe kipaumbele: kimeta, malale, kichaa cha mbwa, bruselosi na homa ya Bonde la Ufa. Mawili kati ya hayo, kimeta na bruselosi, husababishwa na bakteria, na nguruwe anaweza kupatwa na yote mawili.

Njia ambazo bakteria hupitia

Njia ya kwanza ni ngozi iliyochubuka. Mkwaruzo mdogo wa waya, jeraha la panga au kidole kilichochomwa na mfupa wakati wa kuchinja ni mlango wa kutosha.

Njia ya pili ni mdomo. Mtu hula nyama isiyoiva, au hutoka bandani na kushika chakula bila kunawa. Kisu na ubao uliokatiwa nyama mbichi ukitumiwa kukatia kachumbari bila kuoshwa, bakteria huhamia kwenye chakula ambacho hakitapikwa tena.

Njia ya tatu ni maji na matope. Mkojo na kinyesi vikichukuliwa na maji ya mvua huishia kwenye madimbwi, mitaro na visima. Karibu na bahari, ambako chini ya udongo kuna mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji machafu yanaweza kusafiri haraka chini ya ardhi bila kuchujwa vizuri.

Njia ya nne ni uzazi. Damu, kondo la nyuma na mimba iliyotupwa huweza kuwa na bakteria wengi mno. Anayemsaidia jike kuzaa kwa mikono mitupu anajiweka hatarini.

Njia ya tano ni nguo na viatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa maneno yao ni ya kweli kama yalivyo. Viatu vilivyokanyaga kinyesi vikiingia ndani, mtoto anayetambaa sakafuni ndiye atakayekutana na kilichobebwa.

Magonjwa sita ya kuyajua

Salmonela. Bakteria hawa huishi ndani ya utumbo wa nguruwe bila kumsumbua. Kwa mtu mzima mwenye afya, huleta kuhara, homa na tumbo kusokota kwa siku chache. Kwa mtoto mchanga, mtoto mwenye utapiamlo, mwenye malaria au mwenye ugonjwa wa seli mundu, na kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, bakteria wanaweza kutoka utumboni na kuingia kwenye damu. Hapo maisha huwa hatarini.

Jambo hili linajulikana vyema Kilifi. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2005 uliwachunguza watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Takriban robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu, na salmonela ambazo si za homa ya matumbo zilikuwa miongoni mwa bakteria waliopatikana kwa wingi. Haimaanishi kwamba watoto hao waliambukizwa na nguruwe. Salmonela hutoka pia kwa kuku na mayai, na hupita kati ya mtu na mtu. Funzo lake ni kwamba bakteria anayemhara mtu mzima kwa siku mbili anaweza kumuua mtoto. Ndiyo maana usafi wa anayetoka bandani ni jambo la nyumba nzima.

Streptokokasi ya nguruwe. Bakteria huyu, ambaye wataalamu humwita Streptococcus suis, huishi puani na kooni mwa nguruwe wazima. Humpata mtu kupitia jeraha, au kupitia nyama na damu isiyopikwa vizuri. Husababisha homa ya uti wa mgongo: kichwa kuuma vibaya, shingo kukakamaa, kutapika na kuchanganyikiwa. Wengi wanaopona hubaki na uziwi wa maisha. Mwaka wa 2005, katika mkoa wa Sichuan nchini China, watu 215 waliugua na 38 wakafa. Wengi wao walikuwa wakulima waliochinja nyumbani nguruwe waliokuwa wagonjwa au waliokufa. Somo la Sichuan linafaa kijiji chochote chenye nguruwe: mnyama aliyekufa mwenyewe si kitoweo, hata iwe ni hasara kiasi gani kumzika.

Homa ya mgunda. Ugonjwa huu, unaoitwa kitaalamu leptospirosi, huenezwa na mkojo wa panya, nguruwe, ng'ombe na wanyama wengine. Mtu huambukizwa maji au matope yenye mkojo huo yanapogusa jeraha, macho au mdomo. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 5 na 14: homa ya ghafla, kichwa, misuli ya ndama za miguu kuuma na macho kuwa mekundu. Ukizidi, macho hugeuka manjano, figo hushindwa kufanya kazi na mgonjwa anaweza kutokwa na damu. Nguruwe mwenyewe anaweza asionyeshe kitu, isipokuwa majike kutupa mimba au kuzaa watoto dhaifu.

Mwezi wa Julai 2022, watu wa wilaya ya Ruangwa katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka na kutokwa na damu puani. Kwa siku kadhaa ugonjwa haukujulikana ni nini, na watu waliingiwa na hofu. Vipimo vilionyesha ni homa ya mgunda. Kufikia mwisho wa mwezi huo wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, na watatu wakiwa wamefariki. Lindi ni pwani kama Kilifi, yenye mashamba, panya na msimu wa mvua. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za kawaida za antibiotiki, ila zianzwe mapema.

Bruselosi. Katika banda, dalili kubwa ni majike kutupa mimba na madume kuvimba korodani. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo kwa wiki nyingi. Mgonjwa anaweza kutibiwa malaria au homa ya matumbo mara tatu bila nafuu. Tiba yake hutumia zaidi ya dawa moja na huchukua takriban wiki sita. Anayeacha dawa katikati kwa sababu amepata nguvu hurudiwa na ugonjwa.

Erisipela ya nguruwe. Nguruwe aliyepatwa vikali hupata homa na mabaka mekundu ya pembe nne kwenye ngozi. Wengine hubeba bakteria kooni bila dalili. Kwa mtu, kidole au mkono huvimba, huwa na rangi ya zambarau na kuuma sana kuliko jeraha lenyewe linavyoonekana. Bakteria huyu hupatikana pia kwenye utelezi wa samaki, hivyo wavuvi na wauza samaki wa Kilifi, Watamu na Malindi wanaochomwa na miiba wanaweza kuupata pia. Kwa kawaida hutibiwa kwa penisilini, lakini ukipuuzwa unaweza kufika kwenye moyo.

Kimeta. Ng'ombe na mbuzi hufa kwa kimeta haraka kuliko nguruwe. Nguruwe mara nyingi huvimba koo na kupumua kwa shida, na baadhi hupona. Kwa mtu, huanza kama kipele kinachowasha na kugeuka kidonda chenye kigaga cheusi. Anayekula nyama ya mzoga anaweza kupatwa na ugonjwa wa tumbo ulio hatari zaidi. Mbegu za bakteria wa kimeta huishi udongoni kwa miaka mingi, na mzoga ukipasuliwa ndipo humwagika.

Dawa zinapoacha kufanya kazi

Kuna hatari nyingine isiyokuwa na jina la ugonjwa mmoja. Nguruwe akikohoa au kuhara, mfugaji hukimbilia dukani kununua antibiotiki, hudunga kwa makadirio na huacha anapoona nafuu. Wengine huchanganya dawa kwenye chakula ili wanyama wasiugue au wanenepe upesi. Kila mara hilo likifanyika, bakteria dhaifu hufa na wenye nguvu hubaki na kuzaana. Mwishowe hubaki bakteria wasiosikia dawa. Hao wakimwingia mtu, daktari hujikuta na dawa zile zile ambazo zimeshashindwa bandani.

Mfano unaojulikana duniani ulitoka Uholanzi mwaka wa 2004, ilipogunduliwa kwamba familia za wafugaji wa nguruwe zilikuwa zimebeba aina ya stafilokokasi isiyosikia dawa nyingi, iliyotoka kwa nguruwe wao. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwapa mifugo antibiotiki za kunenepesha kuanzia mwaka wa 2006. Kenya nayo ilizindua mwaka wa 2017 sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa dawa, inayohusisha afya ya binadamu na ya mifugo kwa pamoja.

Kwa mfugaji, sheria ni tatu. Antibiotiki itolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo au mhudumu wa mifugo aliyesajiliwa. Dozi ikamilishwe. Na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zihesabiwe kabla mnyama hajachinjwa, ili mabaki ya dawa yasimfikie mlaji.

Bandani

Banda lijengwe upande wa chini wa mteremko kutoka kisimani, na umbali wa mita 30 au zaidi. Sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo hurahisisha kuosha na kuelekeza maji machafu kwenye shimo lililofunikwa. Kabla ya masika, mitaro izibuliwe ili mvua isichukue kinyesi hadi kwa jirani.

Nguruwe wasiachwe kuzurura. Nguruwe anayezunguka kijijini hula kinyesi cha watu na mizoga, na hurudi bandani na alichookota. Kumfungia humkinga na homa ya nguruwe ya Afrika pia, na humwepusha kuwa sehemu ya mzunguko wa minyoo ya tegu.

Makombo ya mikahawani yachemshwe upya kabla ya kumpa nguruwe. Yasiyopikwa tena yanaweza kuwa na nyama yenye virusi au bakteria. Pumba na machicha yahifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko, kwani ghala lililo wazi ndilo linaloita panya, na panya ndiye mbebaji mkuu wa homa ya mgunda.

Anayeingia bandani awe na gambuti na nguo za banda, aziache huko huko atokapo. Majeraha ya mikono na miguu yafunikwe. Baada ya kazi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa kuchovya mikono katika ndoo moja na wengine. Watoto wadogo na wajawazito wasisafishe banda wala kusaidia wakati wa kuzaa. Anayesaidia jike kuzaa avae glavu. Kinyesi cha kutumika kama mbolea kirundikwe na kufunikwa hadi kioze vizuri kabla ya kupelekwa shambani, na kisimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Nguruwe mgeni aliyenunuliwa asichanganywe na wengine mara moja. Akae peke yake kwa wiki tatu au nne, akitazamwa, na ahudumiwe mwisho baada ya wale wa zamani.

Kichinjioni, buchani na jikoni

Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356 ya Sheria za Kenya, inataka nyama inayouzwa iwe imechinjwa mahali palipoidhinishwa na kukaguliwa. Mkaguzi humtazama mnyama akiwa hai, kisha hukagua viungo vya ndani kama mapafu, ini, tezi na utumbo. Ana uwezo wa kukataza sehemu au mnyama mzima. Nyama iliyopita huwekwa mhuri. Mnunuzi ana haki ya kuuliza mhuri huo buchani, na mwenye bucha anayejiheshimu hatachukia kuulizwa.

Ukaguzi una mpaka wake. Mkaguzi huona uvimbe, usaha na minyoo, lakini hawezi kuona salmonela kwenye nyama nzuri nyekundu. Kwa hiyo mhuri na moto hufanya kazi pamoja. Nyama ipikwe hadi katikati, isibaki na wekundu, na maji yanayotoka ukiidunga yasiwe na damu. Nyama ya kukaanga iliyokatwa vipande vikubwa na kutolewa ikiwa imeungua nje na mbichi ndani ndiyo yenye hatari zaidi. Supu, utumbo na mutura vichemke vizuri, na damu mbichi isinywewe wala kuonjwa.

Anayechinja avae glavu na viatu vilivyofunika mguu, na awe mwangalifu utumbo usipasuke na kumwagia nyama kinyesi. Akijikata, asimame, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha alifunge kabla ya kuendelea. Jikoni, kisu na ubao wa nyama mbichi viwe mbali na vya mboga, au vioshwe kwa maji moto na sabuni kwanza.

Nguruwe akifa ghafla au jike akitupa mimba

Hapa ndipo uamuzi wa saa moja unapoweza kuokoa au kuangamiza. Nguruwe mmoja aliyekomaa ni fedha nyingi kwa familia, na kishawishi cha kumpasua haraka na kuuza nyama kabla haijaharibika ni kikubwa. Mfugaji asifanye hivyo. Mnyama aliyekufa bila sababu inayojulikana asipasuliwe, asiliwe, asiuzwe, wala asitupwe msituni au ufukweni. Watoto na mbwa wazuiwe kufika hapo.

Afisa wa mifugo wa wadi ajulishwe siku hiyo hiyo. Asiyejua pa kumpata aende kwa msimamizi wa wadi au kwa chifu. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo, udhibiti wa magonjwa ya wanyama na machinjio ya kaunti ni majukumu ya serikali za kaunti. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, nayo inamtaka mwenye mnyama kutoa taarifa anaposhuku ugonjwa ulioorodheshwa. Kuripoti si kujishtaki. Afisa anayeitwa mapema anaweza kuchukua sampuli, kuwatibu wanyama waliobaki na kuwaonya majirani.

Mzoga huchomwa au huzikwa kwa maelekezo ya afisa, katika shimo la kina cha takriban mita mbili, mbali na kisima na mkondo wa maji, na kufunikwa kwa chokaa na udongo. Mimba iliyotupwa na kondo la nyuma vishikwe kwa glavu, au kwa mfuko wa plastiki uliofunika mkono, na kuzikwa kwa namna hiyo hiyo. Jike huyo atengwe hadi achunguzwe.

Mtu akiugua: neno moja la kumwambia mhudumu

Pwani, homa ikianza, kila mtu hufikiria malaria. Kupimwa malaria ni lazima, kwa kuwa bado ni ugonjwa mkubwa. Tatizo huja kipimo kinapoonyesha hakuna malaria na mgonjwa akarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu tu. Leptospirosi, bruselosi na salmonela ya damuni zote huanza kama malaria, na hakuna hata moja inayoandikwa kwenye paji la uso wa mgonjwa.

Hata kipimo kikionyesha malaria, haimaanishi kwamba hakuna kingine. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba malaria yenyewe humwongezea mtoto hatari ya kuingiwa na bakteria kwenye damu. Mtoto ambaye homa haishuki baada ya dawa za malaria arudishwe kituoni bila kusubiri dozi iishe.

Mhudumu wa zahanati hawezi kubahatisha kazi ya mtu. Kwa hiyo kila anayefuga, anayechinja au anayekata nyama ya nguruwe aseme bila kuulizwa: "Mimi nafanya kazi na nguruwe." Na kama kuna jike aliyetupa mimba, mnyama aliyekufa, au jeraha lililopatikana wakati wa kuchinja, ataje siku ilipotokea. Sentensi hiyo inaweza kubadilisha vipimo vitakavyoitishwa na dawa itakayotolewa.

Katika kijiji chenye watu wa dini tofauti, mtu anaweza kuona haya kulisema hilo mbele ya wengine kwenye foleni. Anaweza kuomba kuzungumza na mhudumu faraghani. Kijana aliyeajiriwa kusafisha banda na asiyetaka nyumbani kwao wajue ana haki ya kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote, na habari zake hubaki kwa mhudumu.

Dalili za kukimbizwa hospitali bila kungoja ni hizi: kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au degedege, kutosikia kwa ghafla, macho kuwa ya manjano au mkojo kupungua sana, kidonda chenye kigaga cheusi na uvimbe, kuhara damu, na mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya au asiyeamka vizuri.

Banda na nyumba ni boma moja

Hakuna sababu ya mfugaji wa Tezo kuuza nguruwe wake kwa hofu, wala ya jirani kumtazama kwa jicho baya. Bakteria waliotajwa hapa wanajulikana, njia zao zinajulikana, na mengi ya magonjwa yao yana tiba. Wanachohitaji ili waenee ni watu kuamini kwamba mnyama anayekula vizuri hana kitu, na kwamba homa yoyote ya pwani ni malaria.

Mfugaji akinawa mikono, akafunika pumba, akamfungia mnyama wake na kumwita afisa mapema, amelinda mali yake na kisima cha jirani kwa wakati mmoja. Na siku homa ikibisha hodi, maneno machache yatakayosemwa zahanatini ndiyo yatakayomwelekeza daktari pa kutafuta.